Alaimenti ya mbele kwenye Land Rover ya zamani: timazi, chaki na tairodi

Mara ya kwanza nilipoipeleka Land Rover yangu, 109 ya mwaka 1968, kwenye mashine ya alaimenti, yaani ya kupima mkao wa magurudumu, kijana wa zamu alifunga vioo vyake kwenye ringi, akatazama skrini, akainama uvunguni, akarudi kwenye skrini. Namba zote nyekundu. Akasema kwa adabu, "Mzee, hii haina pa kurekebisha."

Alikuwa sahihi kwa sehemu mbili kati ya tatu. Gari dogo la siku hizi, kila gurudumu la mbele limeshikwa na mikono yake, na kwenye baadhi mikono hiyo ina boliti za kusogeza huku na kule. Land Rover hizi za zamani zina ekseli moja ngumu ya chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu, imekaa chini ya springi za majani. Pembe zake zilitiwa kiwandani na hakuna skrubu ya kuzibadilisha. Kinachobaki mikononi mwako ni kimoja tu: urefu wa tairodi, fimbo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia.

Hiyo ni habari njema, kwa sababu kitu kimoja unaweza kukirekebisha mwenyewe chini ya mwembe, kwa chaki na futi. Ila nikuonye mapema. Kuzungusha tairodi ni dakika 15 za mwisho. Kazi yenyewe, ile ya kukutoa jasho, ni kutafuta kilicholegea, na ukiiruka utapima leo milimita 2, kesho 5, keshokutwa utamlaumu fundi asiye na kosa.

Namba nitakazotoa ni za Land Rover za Series II, IIA na III, yaani zilizotengenezwa kati ya 1958 na 1985, fupi ya 88 na ndefu ya 109, namba hizo zikiwa inchi kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Mwenye Bedford, Jeep ya Willys au Ford Model A atafuata njia ile ile, lakini namba atazitoa kwenye kitabu cha gari lake. Na mwenye One Ten, Land Rover iliyokuja baada ya hizi, asome kwa tahadhari zaidi. Hiyo nayo ina ekseli ngumu, lakini ilipoingia mwaka 1983 ilikuja na springi za mviringo na magurudumu yote manne yanayovuta muda wote, kwa hiyo magurudumu yake ya mbele hutegwa kinyume na haya. Ukiipa One Ten namba za 109 utakuwa umeiharibia matairi kwa mkono wako.

Pembe tatu

Ya kwanza ndiyo tunayoirekebisha. Simama mbele ya gari, tazama magurudumu mawili kama macho mawili. Yakiangalia puani kidogo, gari lina makengeza ya ndani. Yakitazama pembeni, makengeza ya nje. Wenye mashine huita tou. Land Rover hizi zinataka makengeza ya ndani, na madogo sana: umbali kati ya matairi mawili ukipimwa kwa mbele uwe pungufu kwa milimita 1.2 hadi 2.4 kuliko ukipimwa kwa nyuma. Sababu ni kwamba barabarani gari linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Yale ya mbele yanaburutwa tu, na lami inayarudisha nyuma na kuyafungua kwa nje kadiri viungo vinavyoruhusu. Ukiyategea ndani kidogo, yakifunguka yanakuwa yamenyooka.

Ya pili ni kemba, yaani gurudumu kulala. Hapa sehemu ya juu ya gurudumu imetoka nje kwa nyuzi 1.5. Usipoipata, kuna kitu kimepinda au kimelika, basi. Hairekebishwi, inatibiwa.

Ya tatu, kasta, ndiyo inayofanya usukani ujirudi wenyewe baada ya kona. Tazama foku ya baiskeli: haikusimama wima, imelala. Ukiurefusha kwa macho mstari wa shingo yake hadi ardhini, utagusa chini mbele kidogo ya pale tairi linapokanyaga. Gurudumu kwa hiyo linafuata nyuma ya mhimili wake kama mbuzi anayevutwa kwa kamba, na ndiyo maana watoto wanaweza kuendesha bila kushika mkono. Kwenye Land Rover, kingipini, yaani mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia, imelala kwa nyuma nyuzi 3. Kuna na pembe ya nne, kingipini kulala kwa ndani nyuzi 7, lakini hiyo iache ilivyo. Imo ndani ya chuma.

Vifaa

Jeki nzuri na stendi mbili za chuma, wala si matofali. Matofali ya saruji hupasuka bila taarifa. Timazi ya fundi mwashi, chaki, msumari mkali, futi ya chuma, ubao mnyoofu wa mita 1 na nusu, vipande viwili vya nondo nyembamba, spana za kawaida, pipe spana, brashi ya waya, oili ya kulegeza kutu, na mtu mmoja wa kukaa kwenye usukani. Simu yenye programu ya kupima mlalo itafaa kwa kasta.

Sakafu iwe tambarare. Kama huna, mimina maji kikombe kimoja uone yanaelekea wapi, kisha tafuta sehemu nyingine.

Jambo la usalama ambalo wengi hawalijui hata baada ya kumiliki gari hili miaka mingi: breki ya mkono ya hizi Land Rover haikamati magurudumu, inakamata propela ya nyuma, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli, pale inapotoka kwenye giaboksi. Gurudumu moja la nyuma likiwa hewani, difu, gia zinazogawa mwendo kati ya magurudumu mawili, inaliruhusu lizunguke na gari linaweza kuondoka huku breki ya mkono ukiwa umeivuta hadi mwisho. Leo tunanyanyua mbele tu, hata hivyo weka mawe makubwa mbele na nyuma ya matairi ya nyuma kabla ya kugusa jeki.

Hatua ya 1: liendeshe, halafu pigia matairi kiganja

Tafuta barabara iliyonyooka, nenda kilomita 50 kwa saa, na usikilize. Linavuta upande mmoja? Usukani unatetema ukipita shimo na kuendelea kutetema? Kwenye kona unajirudi, au unabaki pale ulipouacha? Andika majibu, maana baada ya saa nne za grisi utasahau ulianzia wapi.

Ukirudi, pitisha kiganja juu ya kashata (vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara) za tairi la mbele, kwanza kutoka nje kwenda ndani, halafu kutoka ndani kwenda nje. Kama kwenda ndani ni laini na kutoka nje kunakwaruza kama msumeno, makengeza ya ndani yamezidi. Kinyume chake, makengeza ya nje. Upepo uliopungua hula pembe zote mbili za tairi, na kemba iliyoharibika hula pembe moja bila kuacha meno ya msumeno. Kiganja kitakuambia mengi kabla ya futi.

Kisha upepo. Psi 25 mbele, pande zote mbili sawasawa, matairi yakiwa ya baridi. Matairi mawili ya mbele yawe ya aina moja na yameisha sawa. Nimewahi kusumbuka wiki nzima na gari la jirani linalovuta kushoto, kumbe kushoto kuna tairi la nailoni na kulia la radiali. Tulipobadilishana moja na spea, ugonjwa ukaisha bila kufungua nati hata moja.

Hatua ya 2: tafuta kilicholegea

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, na pana mpangilio wake.

Nyanyua upande mmoja wa mbele, weka stendi chini ya ekseli. Shika tairi juu na chini, lisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie msaidizi akanyage breki na uendelee kulitikisa. Mchezo ukipotea, tatizo ni beringi za habu, kile kitovu cha gurudumu, kwa sababu breki imelifunga gurudumu na habu yake kwenye bamba la breki. Mchezo ukibaki, tatizo ni kingipini. Jaribio hili la breki ni la bure na limewaokolea watu pesa nyingi, maana beringi zinabanwa kwa nati, lakini kingipini ni kazi ya siku nzima.

Kingipini za gari hili zimo ndani ya lile tufe kubwa la kromu nyuma ya gurudumu. Tufe likitoboka kwa kutu linakata sili, oili inatoka, kingipini inakauka. Kubana kwake kunategemea shimu, vibati vyembamba vya kujazia, zilizo chini ya bamba la kingipini ya juu: ukitoa shimu, unabana. Kipimo sahihi kinachukuliwa tairodi ikiwa imetolewa na sili ya oili imevuliwa, kwa mizani ya ndoana kama ile ya wauza samaki, ukivuta ule mkono wa usukani na kusoma kilo zinazohitajika kuuanzisha mwendo. Kitabu cha gari kinatoa namba kulingana na aina ya bushi uliyonayo. Wengi hawafanyi. Halafu wanashangaa kwa nini gari linatetemeka.

Sasa shika tairi kushoto na kulia, lisukume. Likicheza, weka kidole kwenye boljointi, vile viungo vya tufe kwenye ncha za tairodi, kimoja kimoja huku mwenzako anatikisa. Kiungo kizima hukisikii. Kibovu kinagonga kidole. Tazama pia zile boliti za mkono wa usukani chini ya tufe. Zinalegea polepole, na zikilegea dalili yake ni ile ile ya boljointi mbovu, mtu ananunua boljointi mbili mpya na mchezo unabaki pale pale.

Shusha gari. Injini izimwe, msaidizi autikise usukani kidogo kidogo, kushoto kulia, wewe ukiwa mbele umeinama. Fuata mwendo kutoka boksi la usukani: unapita fimbo ndefu, unaingia kwenye rele, unatoka kwenye mkono wa chini wa rele, unapita fimbo nyingine hadi gurudumuni. Rele ni ule mtungi uliosimama ndani ya boriti ya mbele ya chasisi. Mkono wa juu ukianza kutembea kabla ya wa chini, au mtungi wenyewe ukicheza ndani ya boriti, umempata mwizi. Rele inatakiwa iwe na oili. Nyingi zimekaa kavu miaka. Lakini usiifungue kwa pupa. Ndani kuna springi yenye nguvu iliyobanwa, na ikiruka inaweza kuvunja taya.

Malizia na springi. Bushi zikiisha, ekseli nzima inatembea ukikanyaga breki. Yuboliti, zile boliti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, zikilegea, sentaboliti inayoshika majani ya springi katikati inakatika, na ekseli inarudi nyuma upande mmoja. Hilo unalipima hivi: magurudumu yakiwa yamenyooka, pima kutoka katikati ya habu ya mbele hadi katikati ya habu ya nyuma, kushoto na kulia. Jina la gari ndilo kipimo: inchi 109 ni milimita 2,769, na inchi 88 ni milimita 2,235. Usitafute namba kamili hadi milimita. Tafuta pande mbili zinazofanana. Zikitofautiana zaidi ya milimita 5 au 6, ekseli imekaa mshazari, na hakuna tairodi duniani itakayoondoa hilo.

Kilicholegea kitengenezwe kabla ya kuendelea. Neno moja kuhusu spea: boljointi bandia zimejaa, na mimi nimenunua iliyokufa baada ya miezi miwili. Ikunje kwa mkono dukani. Nzuri inakataa kidogo na kutembea kwa ulaini. Ile inayolegea kama shingo ya kuku aliyechinjwa, irudishe kwenye boksi lake.

Hatua ya 3: ekseli yenyewe imenyooka?

Ning'iniza timazi kutoka kwenye ukingo wa madigadi, uzi ushuke mbele ya uso wa gurudumu bila kugusa ubavu wa tairi. Pima kutoka uzi hadi ukingo wa ringi wa juu, kisha ukingo wa chini. Kwa ringi ya inchi 16, nyuzi 1.5 za kemba zinatoa tofauti ya milimita 11 hivi, wa juu ukiwa karibu zaidi na uzi. Zungusha gurudumu nusu mzunguko upime tena, isije ikawa ni ringi iliyopinda inayokudanganya. Upande mmoja ukitoa 11 na mwingine 2, na beringi na kingipini umeshazihakiki, basi ekseli ilishawahi kugonga kitu. Magari haya yamebeba saruji, mahindi na abiria ishirini kwa miongo. Ekseli iliyopinda si ajabu. Ibadilishe. Usimruhusu mtu aipashe moto na kuinyoosha, na hivyo hivyo kwa tairodi na mikono ya usukani. Chuma kilichopashwa moto kinapoteza ugumu wake na kinakatika siku ambayo hukuitarajia.

Kwa kasta, safisha uso wa juu wa kingipini, weka simu juu yake ikielekea mbele na nyuma, soma mlalo. Gari likiwa tupu, sakafu tambarare, unatakiwa uone nyuzi 3 zikishuka kwa nyuma. Usukani usiojirudi na gari linalotangatanga kwenye lami mara nyingi ni kasta iliyopungua, na chanzo huwa ni mtu aliyeongeza majani ya springi nyuma kwa ajili ya mizigo au kufunga shekeli ndefu, vile vipande vya kuning'iniza ncha ya springi kwenye chasisi. Mkia ukipanda, pua inainama, kasta inapotea. Dawa halisi ni kurudisha springi zinavyotakiwa. Dawa ya pili ni kabari ya chuma kati ya springi na ekseli. Kwenye gari hili springi imekaa juu ya ekseli, kwa hiyo upande mnene wa kabari uelekee nyuma ya gari ili kuongeza kasta. Kwenye gari ambalo springi iko chini ya ekseli, mnene unaelekea mbele. Usizidishe nyuzi 2 za kabari, kwa sababu difu ya mbele nayo inageuka pamoja na ekseli na viungo vya propela vitaanza kulalamika ukiingiza fowili, yaani magurudumu yote manne yavute.

Hatua ya 4: pima makengeza

Tengeneza kwanza kipimio. Chukua ule ubao, simamisha nondo mbili juu yake zikiwa zimepishana kwa karibu mita 1.3, kila moja ikifika urefu wa katikati ya habu. Moja ifungwe imara, nyingine iweze kusogezwa na kukazwa. Ncha zao zichongwe.

Nyanyua kila gurudumu la mbele kwa zamu, lipake chaki katikati ya kashata, lizungushe huku msumari ukiwa umetulizwa juu ya kitu kisichotikisika, upate mstari mwembamba kuzunguka tairi lote. Usiupime mshono wa kiwanda wala ukingo wa kashata, huwa havijanyooka.

Shusha gari. Likandamize mbele kwa uzito wako mara tatu nne, kisha lisukume mbele mita tatu hivi, magurudumu yakiwa yamenyooka. Usilivute nyuma. Ukilirudisha nyuma hata kidogo, magurudumu yanafunguka kinyume na mwendo wake wa kawaida na kipimo chako kinakuwa cha gari lingine. Kwa sababu hiyo hiyo hupimi gari likiwa kwenye jeki, hata kama ni rahisi zaidi.

Peleka ubao nyuma ya matairi ya mbele. Kwenye kila tairi tia alama ya chaki pale ambapo mstari unapita usawa wa habu. Sogeza nondo hadi ncha mbili ziguse mistari miwili, kaza. Toa ubao bila kuugonga. Sasa sukuma gari mbele nusu mzunguko wa gurudumu, hadi zile alama mbili zilizokuwa nyuma zifike mbele kwenye usawa ule ule wa habu. Weka ubao mbele ya matairi. Ncha moja iguse mstari wake, na ile nyingine itaangukia nje ya mstari wa pili. Pengo hilo ndilo tou yako.

Kwa nini tusipime tu mbele na nyuma kwa wakati mmoja? Kwa sababu ringi iliyopinda kidogo, na za umri huu nyingi zimepinda, itaingiza makosa makubwa kuliko namba unayoitafuta. Ukifuata alama zile zile nusu mzunguko, kasoro ya ringi inajifuta. Kumbuka milimita 2.4 kwenye tairi la 7.50-16, lenye kipenyo cha karibu milimita 800, si hata robo ya nyuzi moja.

Rudia kipimo chote mara tatu. Zikikubaliana ndani ya nusu milimita, umepima. Zikitofautiana milimita 3, rudi hatua ya 2. Kuna kiungo umekiruka.

Hatua ya 5: zungusha tairodi

Sugua nyuzi za skrubu kwenye ncha zote mbili za tairodi kwa brashi ya waya na uzimwagie oili ya kutu jana yake, naam, jana, maana zimeshikana tangu enzi za mzee aliyekuuzia. Legeza klampu mbili. Boljointi moja ina uzi wa kawaida na nyingine uzi wa kushoto, kwa hiyo ukilizungusha bomba la katikati tairodi inarefuka au kufupika bila kutoa kitu chochote. Tumia pipe spana, na kama bomba linakataa, gonga klampu kwa nyundo ndogo huku umelikaza. Usiliminye kwa nguvu hadi likapata kovu.

Uirefushe au uifupishe? Usikariri, tazama. Tairodi iliyo nyuma ya ekseli ikirefushwa inaongeza makengeza ya ndani. Iliyo mbele ya ekseli ikirefushwa inayapunguza. Zungusha robo mzunguko, sukuma gari mbele mita kadhaa, pima. Halafu robo nyingine. Uvivu wa kutosukuma gari ndio unaowafanya watu wavuke namba na kurudi mara sita.

Mimi nalenga karibu milimita 2 kwa matairi ya nailoni, na chini kidogo, milimita 1.2 hadi 1.5, kwa radiali ambayo haifunguki sana barabarani. Ukiwa ndani ya kipimo cha kitabu, tulia.

Kabla ya kukaza klampu, lishike bomba na ulitikise mbele na nyuma. Liwe na nafasi ndogo ya kutikisika pande zote mbili. Lisipotikisika, boljointi mbili hazijakaa usawa mmoja. Ziweke sawa, vinginevyo moja itabanwa usukani ukifika mwisho. Hakikisha pia boliti za klampu hazitagusa kitu magurudumu yakikata kona yote. Kaza, halafu pima mara moja zaidi, kwa sababu kukaza huwa kunahamisha namba kidogo.

Hatua ya 6: usukani uwe katikati

Magurudumu yakiwa yamenyooka, boksi la usukani nalo liwe katikati ya mwendo wake. Hesabu mizunguko ya usukani kutoka mwisho hadi mwisho, gawanya kwa mbili. Ikiwa pale katikati magurudumu yanatazama upande, rekebisha urefu wa fimbo inayotoka kwenye rele kwenda gurudumuni. Usiguse tena tairodi. Na usifanye ule mchezo wa kuchomoa usukani na kuurudisha umenyooka kwa macho: boksi limetengenezwa libane zaidi katikati, hivyo ukiuficha upotovu kwa kugeuza usukani, barabarani utakuwa unaendesha kwenye sehemu iliyolegea.

Zungusha hadi mwisho kushoto na kulia, utazame matairi yasiguse springi wala bomba la breki. Boliti za kikomo zipo kwa kazi hiyo.

Hatua ya 7: barabarani tena

Pita barabara ile ile, kasi ile ile. Kuvuta upande kukibaki, badilishana matairi ya mbele kushoto na kulia. Ugonjwa ukihama, ni tairi. Usipohama, shika habu za mbele baada ya safari fupi. Iliyo moto kuliko mwenzake ina breki inayoburuta, na breki hujificha nyuma ya jina la alaimenti mara nyingi kuliko unavyodhani.

Mtikisiko mkubwa baada ya shimo, ule unaoutupa usukani mkononi, hautibiwi kwa makengeza. Punguza mwendo taratibu, rudi nyumbani, anza upya kwenye kingipini na kasta. Kuna wanaofunga shokapu ya usukani kuunyamazisha. Unanyamaza kweli, na kingipini inaendelea kulika kimya kimya.

Baada ya kilomita 500 kaza tena klampu na yuboliti, pima tena. Yangu nimeiandika kwa rangi nyeupe ndani ya boneti: milimita 1.8, na tarehe.